Meli ya Spea

Hibo, binti yangu wa pekee, aliniambia tukimenya viazi: amepata kazi ya unesi huko Ghuba, nchi ya mafuta, nyumba bure, mkataba wa miaka mitatu. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake akiwa na woga. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili cha Garissa ili uchungu wangu umfike sawasawa.

"Huendi! Hizo nchi nguvu zao ni za kuazima. Angekuwepo baba yako angekuambia."

Baba yake, Ayanle, tulimzika miaka sita iliyopita. Lakini Aden, mji wa bandari alikofanyia kazi, naijua mimi. Tulikaa huko miaka ya themanini, yeye mwendesha winchi za kupakua meli bandarini. Ai, Aden ile! Jioni tulikula samaki wa tanuri, taa zinawaka mji mzima, mafundi wa Kirusi wanacheza dama na mume wangu kwa kelele. Serikali ilivyonguruma redioni, ungedhani haitikisiki. Halafu Moscow, iliyokuwa ikiilisha serikali hiyo, ikafunga mkono. Warusi wakapanda ndege, winchi zikaanza kufa moja moja, na Ayanle hawakuwahi kumfundisha kuzifungua ndani. Kila asubuhi alivaa ovaroli akaenda gatini kungoja meli ya spea. Wallahi haikuja. Nayakumbuka mabega yake yalivyolegea akirudi, na mpaka leo naumia.

"Lakini hawa wana mafuta yao wenyewe, Mama," Hibo akasema.

"Na visima vikikauka? Na hao wakubwa wanaowalinda wakichoka? Ni yale yale!"

Akaweka kisu chini. "Mama, unaogopa nchi hiyo, ama unaogopa nyumba hii bila mimi?"

Barua zote za halmashauri anasoma yeye. Daktari anampigia simu yeye. Boila ya kupasha nyumba joto ikizima, namngoja atoke zamu nikiwa nimejifunga mablanketi mawili, hapa hapa Sparkhill kwa Waingereza, mimi ninayewasema watu wa nguvu za kuazima. Nililia, wala sikujificha.

Kisha nikapangusa mikono, nikaenda kusimama mbele ya boila. "Nenda, mwanangu. Lakini kwanza nionyeshe hiki kidude kinawashwaje."

Akanionyesha. Nikakosea mara mbili. Mara ya tatu ikanguruma, na sasa Hibo ndiye aliyelia.