Dereva wa Kwanza

Miaka saba nilikuwa dereva wa tatu. Mbio zetu za magari huchukua muda wa saa kumi na mbili, tunapokezana gari moja, na mimi, mwanamke pekee, nilitupiwa zamu ya mwisho, matairi yakiwa hoi. Nililalamika mpaka fundi mkuu akaniita Mama Lawama.

Ila kila nilipoingia, kiti kilikuwa bado na joto la mwenzangu aliyetoka kushuka. Alikuwa akinifunga mkanda, akanigonga helmeti: "Haya dada, ukikanyaga breki gari linavuta kushoto."

Leo nimepanda cheo, mimi ndiye naanza. Fundi mkuu amenipa hongera, akaenda zake. Mkanda nimejifunga mwenyewe. Kiti kina baridi, kama kitanda changu nyumbani.