Masikio ya Kaka Yangu

Kaka yangu amezeekea kwenye vyumba vya injini za meli, na injini zimemla masikio. Mazungumzo anayapata akikutazama mdomo, ila sauti ndogondogo zote zimeshamtoroka. Ndiyo maana siku ya kuchagua boti alinikabidhi nyundo ya plastiki, akaniambia mbele ya mkewe na dalali, "Gonga wewe, mdogo wangu. Mimi nitakuangalia kidole."

Sitaha ya boti ya zamani ya faiba hukaguliwa hivyo. Juu ni faiba, chini ni faiba, katikati kuna mbao laini. Mbao ikiwa kavu, nyundo inalia ko, ko. Maji yakishapenya ikaoza, inalia bu, kama unagonga godoro. Nikisikia ko, kidole gumba juu. Nikisikia bu, kidole chini. Hata mtoto angeweza.

Boti zenyewe zilikuwa mbili, zimepandishwa nchi kavu bega kwa bega, kila moja na ngazi yake. Ya kwanza tuliibatiza Bonge: pana, nzito, mlingoti mfupi, boti ya watu wa safari ndefu wasio na haraka. Ya pili tuliiita Mwewe: nyembamba, mlingoti mrefu, imejengwa kwa ajili ya mashindano, na ndani yake ukisimama wima unajipasua kichwa. Zote zilikuwa na umri wa kuitwa shangazi.

Kaka na wifi walikuwa wameshauza nyumba. Boti watakayochukua ndiyo itakuwa sebule, jiko na chumba cha kulala. Wifi alikuja na sufuria yake kubwa kwapani, maana hakutaka kuhadithiwa. Ndani ya Bonge aliitua jikoni ikakaa vizuri, akasimama wima, akacheka peke yake. Ndani ya Mwewe nusu ya sufuria ilibaki nje ya jiko.

"Nitanunua ndogo," akasema. "Na kuinama nitazoea. Mume wangu anaipenda hii, si mnamwona macho?"

Kweli aliipenda. Lakini aliyeipenda zaidi ni mimi. Tangu ujana tumeshindana pamoja kwenye boti za kuazima, mimi usukani, yeye matanga. Wakichukua Bonge watakwenda zao kuzunguka dunia, nami nitabaki gatini nikipunga mkono kama mjinga. Wakichukua Mwewe, kila Jumamosi tutashindana, na usukani utakuwa wangu. Niliitaka ile boti mpaka mate yakanidondoka.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Boti itakayokuwa mbovu imejitoa yenyewe, na zote zikiwa nzima, kaka atafuata moyo wake. Moyo wake tuliujua.

Bonge ililia ko kuanzia mbele hadi nyuma. Nikapanda Mwewe. Kaka na dalali walisimama karibu na usukani, kaka amenikazia macho mkononi. Wifi alikuwa chini, ndani ya boti, akipima kitanda kwa shubiri. Ko, ko, ko. Nikafika kwenye shina la mlingoti, pale panapobeba mzigo wote wa tanga.

Bu.

Nikagonga tena. Bu. Dalali akajitia hamnazo, akaanza kujipapasa mifuko.

Nikainua kidole gumba juu.

Kaka alipiga makofi kwa furaha, na mimi uso ukaniwaka moto. Niliendelea kugonga kwingine, ko, ko, na kila pigo lilinisuta. Nikajitetea kimoyomoyo: patarekebishwa, nitawaambia baadaye, boti gani ya umri huu haina kasoro? Maneno matupu. Mlingoti ule ukianguka siku ya upepo, utawaangukia watu wawili wasio na nyumba nyingine. Nilijiona mwizi, tena wa wale wanaoiba walipokaribishwa.

Nilipomaliza, dalali alikuwa ameshanyoosha mkono wa makubaliano, na kaka ananyoosha wake. Wifi akatokeza kichwa kwenye mlango wa chini.

"Subiri kwanza," akasema, akimgeukia mumewe ili amsome mdomo. "Wifi yangu amechoka mkono. Agonge tena pale kwenye mlingoti."

"Kwani kuna nini?" kaka akauliza.

"Hamna kitu. Arudie tu, roho yangu itulie."

Alipanda juu na sufuria yake, akanisindikiza hadi pale. Nilipokuwa napiga magoti aliniinamia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilikuwa chini yake hasa, wifi," akaninong'oneza. "Nilisikia. Nikadhani labda ninyi wajuzi mnasikia vingine."

Nikagonga. Bu. Kidole kikawa kizito kuliko nyundo, lakini nikakigeuza chini.

Kaka aliutazama mlingoti mrefu, taratibu, hadi ncha. Nilimwona akiuaga. Kisha akaja, nami nikajiandaa kutukanwa. Ningemshukuru. Badala yake akanikumbatia kwa nguvu zote.

"Unaona, dalali?" akasema juu ya kichwa changu. "Mwingine angeona haya kujisahihisha. Huyu ametuokoa maisha! Ningekuwa na masikio yangu nisingekagua vizuri hivi."

"Nilisikia tangu mwanzo, kaka," nikasema, mdomo umezama begani kwake. "Nilikudanganya. Niliitaka mimi."

Wifi alisikia kila neno. Kaka aliendelea kunipigapiga mgongoni, kisha, labda kwa kuhisi pumzi yangu shingoni, akaniachia na kunitazama mdomo.

"Umesema kitu, mdogo wangu?"

Alikuwa anatabasamu. Wifi alisimama nyuma yake na sufuria yake, ananisubiri.

"Nimesema Bonge ina jiko zuri," nikamjibu, nikiyatamka maneno polepole ili ayasome vizuri.

Wifi akageuka, akaanza kushuka ngazi.