Kibao cha Nyumba ya Verna

Verna Tollefson alikuwa akiosha sufuria aliposikia gari la Gaylord Pruitt likiingia uani. Hakwenda kumpokea. Gaylord alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kale ya kaunti, na tangu apewe cheo hicho alitembea kama aliyemeza mpini wa jembe.

Alikuja na kibao cha shaba na hotuba. Nyumba ya Verna, alisema, ndiyo ya kwanza kujengwa na walowezi katika kaunti nzima, na aliyeijenga ni babu wa babu yake, Jedediah Pruitt. Ikishapigwa kibao, isiguswe. Madirisha ya mbao yabaki vilevile.

"Upepo unapita humo mpaka mapazia yanacheza ngoma," Verna akasema. "Januari nalala na koti. Nimeshaagiza ya plastiki."

"Plastiki! Verna, hii ni historia yetu. Watu watakuja kuiona."

"Watu gani? Shule imefungwa, duka limefungwa, kanisani Jumapili tulikuwa tisa pamoja na mchungaji. Au unawangoja popo?"

"Ndiyo maana tunahifadhi."

"Haya, njoo uhifadhi ya kweli." Akafuta mikono, akamwongoza hadi ukingo wa kijito, nyuma ya banda la kuku, penye shimo lililobomoka na kuota magugu. "Jedediah wako alikaa humu shimoni miaka mitatu kabla ya ile nyumba, yeye, mkewe na nguruwe. Bibi yake mama yangu ndiye aliyekuwa akiwaletea maziwa. Ile nyumba waliijenga mafundi wa Kinorwe, yeye kakaa anavuta kiko. Na kabla yao wote walikuwapo wenyeji wa nchi hii, Wapotawatomi, wakafukuzwa. Eti ya kwanza! Piga kibao hapa, na nguruwe uwaandike."

Gaylord akaiva uso. "Una ulimi mchafu, Verna. Tangu darasa la pili."

"Na wewe tangu darasa la pili hujui kuhesabu."

Gaylord akaondoka na kibao chake. Wiki iliyofuata aliandika gazetini kwamba baadhi ya wakazi hawana heshima kwa waasisi. Verna alisoma, akacheka kwa sauti, kisha kicheko kikamkauka, maana hakuwa na wa kumsomea.

Oktoba mafundi walikuja wakayang'oa madirisha ya zamani. Theluji ya kwanza ilipoanguka, Verna alikaa dirishani na kahawa, amevaa gauni jepesi, akiitazama barabara. Mpaka saa sita mchana halikupita gari hata moja.