Mlango Ulioombwa Kwa Fausto

Nina hasira mpaka sasa, hata uzi unanishinda kutunga sindanoni. Sikilizeni, halafu mseme kama nimekosea.

Huku mjini kwetu Baní, kijana akimpenda binti wa watu hasimami naye kwenye kona kama mwizi. Anakuja na mzazi wake kuomba mlango. Akikubaliwa anapangiwa siku za kumtembelea, na mtu mzima anakaa nao barazani. Kwa hiyo niliposikia Wilkin atakuja Jumapili kwa ajili ya Yokasta wangu, nilifurahi. Nikafagia baraza, nikachemsha kahawa, nikavaa gauni la kanisani. Yokasta mwenyewe, na miaka yake kumi na sita, alibadilisha nguo mara nne.

Wakaja. Wilkin kapiga pasi shati mpaka limekakamaa, na baba yake, Mzee Eladio, kofia mkononi. Wakakaa kwenye viti vya kubembea. Nikawamiminia kahawa, nikasubiri kuombwa.

"Basi mama," akasema Mzee Eladio, "sisi tumepita kukujulisha tu. Tulishamalizana na Fausto jana. Katupa Alhamisi na Jumapili, saa kumi mpaka saa kumi na mbili."

"Fausto yupi?"

"Si baba wa mtoto?"

Ebo! Fausto aliyeondoka Yokasta ana miaka mitano, akahamia kwa mwanamke mwingine, mitaa mitatu tu kutoka hapa! Miaka kumi na moja nimeinamia cherehani. Ada mimi, homa mimi, kukesha mimi. Leo mlango wangu unagawiwa na mtu asiyejua hata kitasa chake kikoje!

"Usikasirike, mama. Mambo haya huzungumzwa na wanaume," akasema Mzee Eladio.

"Wala sijakasirika," nikasema. "Mmeomba kwa Fausto, basi ingieni kwa Fausto. Alhamisi na Jumapili Yokasta atampokea mwanao kule kwa baba yake. Yule mwanamke wake awachunge. Mimi nani niingilie ya wanaume?"

Nilikuwa nawakejeli tu, waone aibu. Lakini Yokasta, aliyesimama na sinia la kahawa, ndiye aliyejibu.

"Haiwezekani, mama."

"Kwa nini? Kila Sikukuu ya Wafalme, watoto wanapopewa zawadi, si unaenda kwake kuchukua yako?"

"Siingii ndani. Yule mama hataki. Baba ananiletea getini."

Mungu wangu! Na mimi kila mwaka namsuka, namvalisha viatu vipya, namwambia kaa vizuri kwenye meza ya watu! Naye anarudi ananiambia wamekula wali na nyama ya nguruwe.

Mzee Eladio akabaki anaigeuzageuza kofia yake. Wilkin akainuka, akavuta kiti mpaka mbele yangu, jasho linamtoka.

"Mama Nereida, nilikosea nyumba. Naomba mlango."

Nikamtazama Yokasta. Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia.

"Jumanne na Jumamosi," nikasema. "Hizo za Fausto sitaki hata kuzisikia. Na ukija pita moja kwa moja, uingie, ukae. Kwangu mimi mtoto wa mtu hapokelewi getini."