Pombe Isisikike

Mimi nina mdomo. Muulize mtu yeyote mtaani kwetu Bungoma, kuanzia wauza mitumba mpaka imamu, atakuambia Khadijo hanyamazi. Nimewahi kumfukuza bwana harusi jikoni kwa sababu alichovya kidole kwenye jagi langu. Kwa hivyo nikikuambia kwamba siku ile kwa Kemboi nilijua mambo saa nne asubuhi na nikasema saa nane mchana, elewa vizuri ninakiri nini.

Kazi yangu ni vinywaji vya sherehe. Mama yangu, anayeuza sambusa karibu na msikiti, anajua ni juisi. Na si uongo, nilianza na juisi za harusi: pasheni, nanasi, embe, tangawizi. Baadaye nikaajiriwa hoteli moja Kitale, wakaniweka kaunta, na huko ndiko nilikojifunza kuchanganya zile zingine. Sijawahi kuonja, wallahi, hata tone. Napima kwa kikombe na kwa pua. Lakini wanywaji wenyewe walisema mkono wangu ni mzuri, na jina likaenea. Ikifika Desemba, jua linawaka, watu wamerudi nyumbani, simu yangu hailali.

Wanachoagiza zaidi ni kile cha waini nyeupe na tekila. Waini chupa mbili, tekila nusu chupa, juisi ya machungwa, nanasi la kusaga, ndimu, asali, majani ya minti, na barafu mpaka jagi litoke jasho. Halafu unatia chumvi, chembe tu, kwa sababu chumvi inaua ule uchungu wa tekila. Ukikitengeneza sawasawa, mtu anamaliza glasi mbili ndipo anauliza kama kuna kitu ndani. Nilijivunia hilo. Mungu anisamehe, nilijivunia sana.

Kemboi alinipigia wiki moja kabla ya Krismasi. Ni mkulima mkubwa wa mahindi nje ya mji wa Kitale, na tulijuana pale hotelini. Alisema watu wa familia yao watakutana kwake mchana, kama kumi na wawili hivi, na anataka kile cha waini na tekila.

"Lakini pombe isisikike," akasema. "Kabisa."

"Ya kwangu haisikiki."

"Na ukuje na ule ushungi mweupe unavaanga kwa harusi. Nataka ukae poa."

Hilo la ushungi lilinikera kidogo. Wateja wengi wa pombe wananiomba niuvue, ati unaharibu sherehe. Huyu anataka nivae, tena mweupe. Nikajiambia angalau huyu ana heshima, nikakubali.

Siku yenyewe nilifika saa tatu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, shamba lote limebaki mabua makavu, na upepo ukipita yalikuwa yanakwaruzana. Kijakazi alinifungulia geti, akalifunga nyuma yangu kwa kufuli. Kemboi alinipokea mwenyewe, akiwa na tabasamu tele. Sebuleni meza ilikuwa imeshapangwa, na kwenye kiti cha mwisho, mbele ya sahani, kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki na kalamu juu yake. Nikauliza kama niihamishe nipate mahali pa kuweka glasi. Akaniambia niiache hapo hapo.

Hakunipeleka jikoni. Alinipeleka stoo, kati ya magunia, akafunga mlango. Chupa alikuwa amezifunga ndani ya gunia kama mtu aliyeiba. Nikasaga nanasi, nikakamua machungwa na ndimu, nikamimina waini. Nilipofika nusu ya chupa ya tekila nikasimamisha mkono.

"Tia yote," akasema.

"Yote itawaangusha, mzee."

"Si unajua kuificha? Ifiche basi."

Nikaongeza nanasi, nikaongeza asali, nikatia chembe ya pili ya chumvi. Nikainamisha pua juu ya jagi. Harufu ilikuwa ya matunda na minti, na chini kabisa kitu kidogo sana ambacho ni mtu anayekijua tu angekipata. Kemboi naye akanusa, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Chupa tupu akazirudisha ndani ya gunia.

Saa nne nilienda jikoni kutafuta barafu. Sally, mke wa Kemboi, alikuwa anachota mchuzi kwa kijiko na kuuonja. Ni mama mkarimu, mnene, mwenye maneno ya upole. Alinipa chai na kiti kabla hata sijasema shida yangu.

"Ukimaliza kutengeneza juisi yako ujiandae kuionja," akaniambia akicheka. "Kogo yuko huku leo." Kogo ni bibi, na alimaanisha mama mkwe wake, mama mzazi wa Kemboi, ambaye watu wote pale walimwita hivyo. "Kwa boma ya Kogo hakuna kitu inapita kwa mdomo ya mtu kabla mwenye ametengeneza hajaonja mbele ya watu. Baba yao aliwahi kuwekewa kitu kwa kikombe. Tangu hiyo siku hata mimi mkwe wake naonjanga."

Nikacheka na mimi. Kisha akashusha sauti.

"Vile Kemboi alisema analeta wewe, nilifurahi. Niliogopa ataleta pombe. Shemeji yangu Kipkemei anatoka Kapsokwony leo, kule mlimani, na huyo hajagusa miaka tatu. Ini yake iliisha, dadangu. Alikuwa amefura tumbo, macho njano. Daktari alimwambia akirudia hata mara moja, wasimrudishe hospitali, waite tu pasta. Na akiwa kwa pombe alikuwa anasaini kitu yote. Aliuza ng'ombe wa mama yake kwa kreti moja ya bia. Sasa yuko sawa, na ndiye amekataa shamba ya baba yao iuzwe. Bila yeye haiuziki."

Nikakiweka kikombe chini. Niliona ile bahasha. Niliona kalamu juu yake, na kiti cha mwisho, na ushungi wangu mweupe kwenye kioo cha kabati la Sally. Wallahi nilielewa yote kwa wakati mmoja, hakuna kilichobaki.

Nikarudi stoo. Kemboi alikuwa bado amesimama pale.

"Ndugu yako hanywi," nikamwambia. "Na mke wako anadhani hii ni juisi tu."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Kipkemei nitampa soda," akasema. "Kazi yako ni kutengeneza, si kuuliza." Akanyoosha mkono akaufungua mlango, nikafikiri ameshamaliza. "Mama yako bado anauza sambusa pale karibu na msikiti? Napitanga Bungoma kila Jumanne. Sijawahi kumsalimia. Pengine Jumanne hii nimsalimie, nimwambie vile unafanya kazi poa."

Sasa, mimi huyu mwenye mdomo. Mimi niliyemfukuza bwana harusi. Nilisema, "Sawa, mzee." Nikabeba jagi langu. Nilijiambia atampa soda kweli, si amesema? Nilijiambia hivyo mpaka saa nane, nikipanga glasi, nikikata ndimu vipande vyembamba vya kuweka kwenye ukingo, nikijua kabisa kwamba pale mezani hakukuwa na soda hata moja.

Kipkemei alikuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri, na alikuwa amebeba mfuko wa vitunguu vya kumpa mamake. Aliponiona alisimama kwanza, akaweka mkono kifuani.

"Salaam aleikum, dada."

Wachache sana wananisalimia hivyo kwenye sherehe za namna ile. Nikamjibu, nikashindwa kumwangalia usoni.

Kogo aliletwa, akaketishwa kichwani pa meza. Macho yake yana ukungu, anakujua kwa sauti na kwa kukushika mkono. Alimshika Kipkemei mkono muda mrefu, akampapasa tumbo mbele ya watu wote kuona kama limefura, na wote wakacheka, hata Kipkemei. Kisha Kipkemei alipoomba maji, maana safari ya kutoka mlimani ilikuwa imemkausha, Kemboi akasema, "Maji ya nini bana, na kuna juisi?" Akachukua jagi mikononi mwangu, akamjazia ndugu yake kabla ya wengine. Akamwekea glasi kando ya bahasha. Ndipo akanirudishia jagi, nikawajazia wengine.

Niliwajazia kama siku zote, hata tone halikumwagika. Nakuambia ili ujue.

Kisha Kogo akasema waombe.

Waliinamisha vichwa wote, wakafunga macho. Kogo aliomba kwa lugha yao, polepole, akitaja majina, na nilisikia la Kipkemei mara mbili au tatu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na jagi, na mimi siku zote kwenye maombi yao nasimama tu kwa adabu, macho wazi. Nikaona Kipkemei naye amefungua macho. Kiu ilikuwa imemshinda. Aliinua glasi, akaileta mdomoni, na kabla ya kunywa akasita. Pua yake ilicheza. Miaka ile yote aliyokunywa haikuwa imepotea bure, alikipata kile kitu kidogo cha chini kabisa.

Akageuza kichwa, akaniangalia.

Maombi yalikuwa yanaendelea. Aliinua nyusi tu, kuniuliza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningetingisha kichwa kumkataza. Ningeangusha jagi. Kemboi alikuwa ameinama, hakuniona. Ningefanya chochote, na nilichofanya ni kusimama, nikifikiria Jumanne, nikifikiria mama yangu na karai lake la mafuta.

Macho ya Kipkemei yakapanda kutoka usoni kwangu hadi kwenye ushungi. Nikaona vile uso wake ulivyolegea. Alitabasamu kidogo, kama anayeniomba radhi kwa kunishuku, akanywa yote.

"Amina," wakasema.

Mikono ikaenda kwenye glasi. Kogo akapiga meza kwa kiganja.

"Ngojeni kwanza. Huyu msichana wa juisi ameonja?"

"Mama, wacha hiyo mambo ya zamani," Kemboi akasema haraka. Alikuwa amefikiria kila kitu, gunia, stoo, ushungi, Jumanne. Alichosahau ni mamake na desturi yake.

"Aonje. Mbele yetu."

Sally akanijazia glasi mwenyewe, akaniletea akitabasamu, si alishanionya asubuhi. Wote wakanigeukia. Barafu ilikuwa inanichoma vidole. Kemboi alikuwa ananiangalia bila kupepesa, na nikaona kwamba ameshatulia, kwamba anangoja tu ninywe funda moja yaishe. Funda moja, na hakuna ambaye angejua, na Jumanne ingepita kama Jumanne zingine. Niliinua ile glasi mpaka nikasikia minti puani.

Nikashindwa. Sijui kama ilikuwa Mungu niliyemwogopa au yule mtu aliyeniamini. Niliiweka mezani.

"Siwezi kunywa, Kogo," nikasema. "Iko na pombe. Waini chupa mbili, na tekila chupa nzima. Nimetengeneza mimi, kwa stoo. Kemboi aliniambia isisikike."

Mjomba mmoja akasukuma glasi yake mbali kwa kidole. Sally akamgeukia mumewe, mdomo wazi. Nilisubiri Kemboi anitukane, anifukuze, anipige hata. Hakufanya lolote. Alikuwa hanitazami mimi tena, alikuwa anamtazama Kipkemei ng'ambo ya meza, na taratibu akanyoosha mkono, akaichukua ile kalamu na kuifungua kifuniko.

Kogo hakuona. Alikuwa amekaa wima, uso umeelekea pale alipodhani mwanawe yuko, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshukuru.

"Umesikia, Kipkemei? Mungu ametuonyesha mapema. Wewe usiguse hiyo kitu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uwezo wa kumwambia yule mama. Kipkemei alikuwa ameishika glasi kwa mikono miwili, akiangalia ndani, barafu na kipande cha ndimu tu. Rangi ilikuwa imempanda mashavuni. Akaitingisha kidogo, barafu ikagonga, na Kogo akageuza kichwa kufuata ule mlio.

"Dada," Kipkemei akaniambia, kwa sauti ile ile ya adabu aliyonisalimia nayo. Akaninyooshea glasi. "Niongezee."