Kituo Namba Sita

Maji ya kupimwa vijidudu hayana subira. Ukishayachota una saa sita tu za kuyafikisha maabara, Lilongwe, ndani ya boksi la barafu. Delphin alilijua hilo tangu alipokuwa fundi wa maji kwao Uvira, Kongo. Kwa mwaka mzima, mvua na kiangazi, alitoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi, alfajiri, ruhusa ya kutoka kambini ikiwa mfukoni, akajaza chupa tano kwenye vituo vitano vya mto, kisha akakimbilia minibasi. Kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa pale, na bila vipimo vya misimu yote miwili kibali cha mazingira hakitoki.

Wenzake walidhani anafuata posho. Posho gani! Delphin alikuwa na lake. Kituo cha tatu ndipo mkewe, Gabriella, alipochota maji siku ambayo foleni ya kisima ilikuwa ndefu. Delphin mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Wende tu ku mto, utarudia mbio." Siku ya nne Gabriella akaanza kuhara, ya sita wakamzika. Watu walimwambia ni mpango wa Mungu. Yeye alitaka maabara imwambie kama ni mto ule, maana kama ni mto, basi ni yeye.

Mwezi wa mwisho akafanya ujanja. Alijaza chupa ya sita nyumbani, kutoka kwenye pipa lake la maji ya kisima, akaiandika "Kituo 6". Alitaka maji safi ya kulinganishia, ili uchafu wa mto uonekane na mtu asibishe.

Fundi mzima! Pipa lenyewe hakuwa amelikausha tangu msiba. Gabriella ndiye aliyelijaza mara ya mwisho, wiki moja kabla ya kuugua, na Delphin aliona akimwaga yote atamwaga na yale ya mkono wa mkewe. Kwa hiyo alikuwa anaongezea tu juu, ndoo baada ya ndoo. Jioni akinywa kikombe chake alijiona hajaachwa kabisa. Asiyewahi kulala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili asimcheke.

Majibu yalipotoka aliitwa Area 18, mtaa wa Lilongwe, ofisini kwa Akilimali, mhandisi wa mazingira, Mkongo mwenzake aliyetangulia Malawi miaka mingi.

"Mto haina shida, Delphin," alisema Akilimali. "Hata miezi ya mvua. Kituo cha tatu njo muzuri kuliko zote."

Delphin akakaa chini. Kumbe hakumuua. Ilikuwa habari ya kukimbia nayo nyumbani ukamwambie mkeo, na yeye hakuwa na wa kumwambia. Furaha ikamkalia kifuani, haina pa kwenda.

"Lakini hii ya sita inaniogopesha," Akilimali akaendelea. "Vijidudu ya kinyesi iko mingi sana. Ni wapi? Haiko ku listi yetu."

"Ni pipa moja ku kambi."

"Bantu banakunywaka?"

"Mutu moja tu."

"Mungu wangu! Umuambie leo. Amwange yote, asugue pipa na sabuni, aanze mupya. Ile maji imekaa sana, itamuua."

Tangu msiba hakuna aliyemuuliza Delphin anakula nini wala anakunywa nini. Naye alijijua vizuri: atafika, atafungua mlango, ukimya utampokea, na mkono utaenda wenyewe kwenye kikombe.

"Mukubwa, umuandikie," alisema. "Ule mutu haiko anasikia maneno yangu."

Akilimali akaandika mistari mitatu, akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha na kuigeuza upande wa mbele, kalamu tayari.

"Jina lake nani?"

Delphin akataja la kwake.