Ndimu Nne za Landrova

Goti la kushoto la Perumal lilikuwa na sugu. Miaka mingi ndilo lililoshikilia gia ya pili isichomoke, kila aliposhuka mlimani na shehena ya kabichi. Mkewe, Thanaletchumi, aliiita landrova ya mumewe mke mwenza, na hakuwa anatania sana.

Kila mwaka, siku ya kuziombea zana, magari ya Watamil wa mji wa milimani wa Kampung Raja hukanyaga ndimu ili kuvunja husuda, moja kila tairi. Mwaka uliopita landrova ya Perumal ilizikanyaga kwa kusukumwa, majirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Thanaletchumi akaapa mbele ya madhabahu.

"Baba Kavitha, mwakani mke mwenzangu azikanyage kwa nguvu zake. Akishindwa, namuuza kama chuma chakavu."

Mama yule akiapa, hata miungu hukaa sawa. Perumal hakuwa na la kufanya ila kuipeleka kwa fundi Sivalingam, ambaye alishusha giaboksi, akaifungua, akaguna.

"Kaka, hii si gia. Hii peremende imeshanyonywa."

"Tengeneza. Mashairi kawasomee wanao."

Sivalingam akabadilisha gia na beringi, akaosha kila kitu kwa dizeli. Asubuhi ya siku yenyewe ilibaki springi moja tu, ile ndogo inayozuia mkono wa gia usiteleze kwenye rivasi unapotafuta namba moja. Akaenda kunywa chai. Huku nyuma mama mkwe wake akapita na sinia, akazoa kila chuma kilichokuwa mezani, spana, nyundo na springi, akavipanga mbele ya mungu wa kike, akavipaka liwa na kuvitilia maua. Na chombo kikishaombewa hakiguswi mpaka kesho yake.

"Mama, ile springi naihitaji!"

"Imepumzika. Kaiamshe uone nitakavyokuamsha wewe."

Sivalingam alimwogopa mungu, lakini kwa mama mkwe wake alitetemeka. Akafunga giaboksi bila springi.

"Kaka, ukitafuta namba moja, mkono usiulaze kushoto sana."

"Nimeanza kuendesha wewe ukiwa bado unanyonya," alijibu Perumal.

Alipofika nyumbani, majirani walikuwa wamejaa uani. Mzee Chong, mnunuzi wa vyuma, alikuwa ameshaleta lori na kamba, anatafuna karanga. Thanaletchumi akaweka ndimu mbele ya matairi. Perumal akatafuta namba moja. Landrova ikanguruma kwa heshima zote, ikarudi nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Akajaribu tena, ikarudi tena. Mara ya tatu aliusihi mkono wa gia kama mtu anayembembeleza mkwe, na gari likarudi nyuma vilevile.

"Nifunge kamba?" aliuliza Mzee Chong.

Perumal akazima gari, akashuka. Akampa mkewe ufunguo, akasimama akitazama viatu vyake. Akafuta machozi kwa mkono wa shati. Landrova hii ndiyo iliyomleta binti yao Kavitha nyumbani akiwa mchanga, na ndani yake ndimo alimozoea kuimba peke yake. Aliona uchungu, na aliona haya kwa kuona uchungu.

Kisha akasikia njuga za miguu ya mkewe. Thanaletchumi aliinama, akaokota ndimu moja baada ya nyingine, akazunguka na kuziweka nyuma ya kila tairi.

"Shemeji, unafanya nini?" Mzee Chong aliuliza.

"Niliapa azikanyage kwa nguvu zake. Nani alinisikia nikisema aelekee wapi?" Akamrudishia mumewe ufunguo. "Panda, Baba Kavitha. Na ukithubutu kunililia tena mbele za watu, nakuuza wewe."

Perumal akapanda, macho yamejaa maji, haoni vizuri. Akarudi nyuma kwa nguvu zote. Akakanyaga ndimu zote nne, halafu akakanyaga na banda la kuku la mkewe. Thanaletchumi ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.